Kabichi Umemwachia Nani

Mama yangu alipokufa, aliyemzika vizuri kuliko sisi wote alikuwa mtani wake, na kwa wema huo akasumbuliwa mpaka na yeye tukamzika.

Nianze na kumweleza huyo mtani, maana huko mitandaoni wamemjadili sana watu ambao hata hapa kwetu Soni, Usambara, hawajawahi kupita. Alikuwa Mnyamwezi. Baba yake aliletwa huku milimani na kazi ya kuchuma chai, akazalia huku, akafia huku, na binti akaolewa Soni na fundi seremala. Kishambaa alikijua kutuzidi baadhi yetu, ila alikuwa anakivuta makusudi ili atucheke. Yeye na mama waliuza mboga pale barabarani, meza zimegusana, tangu sijaanza shule: kabichi, karoti, hoho, na msimu ukifika peasi na plamsi. Na kwa kuwa Mnyamwezi na Msambaa ni watani, walitukanana kutwa nzima bila kuchoka.

Nikipita asubuhi kwenda shule namwamkia, "Shikamoo mtani." Ananiitikia, "Marahaba, mtumwa wangu. Leo umeoga, au mmeona baridi?" Mama anadakia kutoka meza ya pili, "Mwache huyo, walimsahau kwenye gunia la majani ya chai." Basi hapo wanacheka, wateja wanacheka, na mimi natembea mpaka shule nikiwa na furaha. Ndivyo nilivyolelewa. Mtu akikuita mtumwa wake na wewe ukacheka, ujue mnapendana.

Sasa kazi kubwa ya mtani ni msibani. Wasiojua niwaambie. Ndugu wanalia, wanazimia, hawali. Mtani anaingia akiwa amevaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anagombana na wapishi, anakamata jembe la wachimba kaburi na halitoi mpaka apewe jogoo. Anaweza kulizuia jeneza njiani. Hakuna wa kumkasirikia. Ni haki yake. Na wewe mfiwa, ukiwa huna hata nguvu ya kusimama, unajikuta umecheka, na baada ya kucheka unaweza kunywa uji. Mama na mtani wake walikuwa wamekubaliana tangu zamani kwamba atakayetangulia, mwenzake atamchekesha mpaka shimoni.

Akatangulia mama.

Siku ya mazishi mtani alikuja amejifunga aproni ya mama na kilemba chake, anachechemea mguu wa kushoto kama mama alivyokuwa anachechemea. Akaanza kumuuzia mchungaji karoti ambazo hazipo. Mchungaji naye, Mungu ambariki, akaomba apunguziwe. Kisha mtani akalifuata jeneza lililowekwa kwenye viti viwili mbele ya nyumba, akakaa pembeni yake, akagonga kifuniko kwa kiganja, akapaza sauti mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia: "Amka, mtumwa wangu! Umelala, kabichi umemwachia nani?"

Mwee! Watu tulicheka. Nilicheka nikikaa chini kwenye majani mabichi, machozi yananitoka, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe nikahisi njaa.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anarekodi kwa simu. Kaka yetu ni dereva wa malori, alikuwa amekwama mpakani na hakuweza kuwahi, kwa hiyo tulimwahidi atayaona mazishi. Mdogo wangu alirekodi hapo kwenye jeneza, na alipoanza kulia mwenyewe akaishusha simu. Kwa hiyo kilichofuata hakikuingia. Udongo wa kwanza ulipogusa jeneza, mtani alianguka. Alilia kwa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mzima mwingine, na wanaume wakambeba, aproni ya mama bado ikiwa kiunoni. Hiyo hakuna aliyeirekodi. Iliyoingia kwenye grupu la familia ni ya mtani kugonga jeneza na sisi tukicheka.

Nani aliitoa kwenye grupu, mpaka leo hakuna aliyekiri. Familia yetu ni kubwa. Labda mtu aliipenda, akaiweka kwake ili wenzake nao wacheke. Sitaki hata kujua tena. Ninachojua ni kwamba wiki haijaisha, klipu ile ilikuwa imekatwa mwanzo na mwisho na kuandikwa juu yake kwa herufi nyekundu: MKE MWENZA AMCHEZEA MAREHEMU KWENYE JENEZA.

Mke mwenza! Baba yangu alikuwa na mke mmoja, na huyo mmoja alimtosha mpaka akamkimbia kaburini mapema.

Nikaanza kusoma komenti. Laiti ningeacha hapo. Mchawi huyo. Mwangalieni macho. Anamwita mwenzake mtumwa, sikilizeni wenyewe. Akamatwe. Watu wa milimani hao, ndivyo walivyo. Mmoja mmoja waliandika, jamani huo ni utani, ni mila, na hao wakafunikwa na matusi. Mhubiri mmoja akaitumia kwenye mahubiri yake. Baadaye ikaja ile wanayoita kutrendi. Vijana wakaichukua sauti yake peke yake wakaifanyia mchezo: mmoja amelala, mwenzake anagonga meza au mlango au tumbo la rafiki yake, anafungua mdomo, na sauti ya mtani wetu inatoka. Amka, mtumwa wangu. Muuza magodoro aliitumia kutangaza magodoro. Wengine walikuwa wanachekesha kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba kuna moja nilicheka kabla sijakumbuka kuwa kilichogongwa pale mwanzo kilikuwa jeneza la mama yangu.

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu Soni analijua hilo. Niliamua kumjibu kila mtu. Niliamka na simu, nikalala na simu. Nimesimama dukani kwangu, mteja anataka sabuni, mimi namwandikia mtu wa sijui wapi kwamba yeye ndiye mchawi na bibi yake pia. Maharage yaliungua jikoni mpaka sufuria ikatupwa. Mume wangu akaniuliza, "Hivi hawa unaogombana nao, unawajua?" Nikamjibu vibaya. Bando likiisha nilikuwa naweka lingine kabla sijanunua mkate.

Mtani mwenyewe wakati huo hakuwa na habari. Alikuwa na kitochi, simu ya kupiga na kupokea, na aliitunza ndani ya soksi. Tukakubaliana pale sokoni asiambiwe. Lakini utamficha nini mtu anayekaa barabarani? Makuli waliokuja kupakia kabichi za kwenda Dar walimtambua. Mmoja akashuka kwenye lori anacheka, akamwonyesha.

Nilikuwa nimefika kununua hoho, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Mtani aliishika ile simu kwa mikono miwili. Akatabasamu. "Kumbe napendeza!" akasema. Alidhani watu wameipenda. Alidhani mama yangu anaenziwa nchi nzima. Kisha akamuuliza yule kuli, "Haya maandishi hapa chini yanasemaje?" Kuli akasita. Mtani akampa simu binti wa meza ya tatu, akamwambia, "Nisomee. Usiruke hata moja."

Binti akasoma. Nikamwambia anyamaze, mtani akanikatalia kwa mkono. Akasikiliza amesimama wima, na alipotosheka akarudisha simu, akasema asante, akaanza kupanga karoti zake upya ingawa zilikuwa zimepangwa.

Angekuwa na hayo tu, angeyamaliza. Alikuwa mgumu. Kilichomvunja ni binti yake. Binti huyo, mtoto wake wa pekee, ameolewa Dar kwenye familia ya walokole, watu wa maombi ya kufunga. Mama mkwe aliiona klipu. Na mwezi ule mjukuu alikuwa anawekwa wakfu kanisani, mtani alishashona gauni na kutenga peasi nzuri za kupeleka. Binti akapiga simu. Nilikuwepo, kitochi kile sauti yake ilikuwa inasikika mpaka nje. "Mama, usije kwanza. Subiri lipoe." Mtani akajibu, "Sawa, mwanangu." Akakata, akairudisha simu kwenye soksi. Zile peasi tulizila sisi.

Halikupoa. Magari ya watalii yanayopanda Lushoto yalianza kusimama, si kwa ajili ya mboga. Vijana wanashuka, wanamwita "bibi wa jeneza", wanataka picha. Bodaboda wa kijiweni waliiweka sauti yake iwe mlio wa simu zao. Uko hapo unanunua nyanya, mfuko wa mtu unapiga kelele: "Amka, mtumwa wangu!" Mtani anainua kichwa. Kila mara alikuwa anainua kichwa.

Akaacha kutania. Misiba ikatokea, wakaja kumwita. Akawajibu, "Mimi tena? Nisiwapatie watu video." Nikipita namwamkia, "Shikamoo mtani," anasema, "Marahaba, mama," kwa adabu kabisa. Jamani, adabu ile ilinitisha. Nilitamani anitukane.

Siku moja nilimfuata nyumbani kumweleza jinsi nilivyomkomesha mtu mmoja mtandaoni. Nilikuwa najivuna. Nikamsomea alichoandika yule mtu, kisha nilichomjibu. Aliniacha nimalize. Akasema, "Izime hiyo. Mimi wananitukana huko mbali, wewe ndiye unayenibebea mpaka jikoni kwangu." Nikaizima pale pale mbele yake.

Kesho yake simu niliitia kwenye ndoo ya maharage, nikafunika, nikamwachia mume wangu duka, nikamchukua mtani tukaenda kijijini Kwai kwa mama yangu mdogo, anakofuga ng'ombe wa maziwa. Mume wangu alifurahi zaidi simu ilivyobaki kuliko mimi nilivyoondoka, au aliniambia kinyume chake, sikumbuki. Kitochi cha mtani tulikwenda nacho, ila Kwai, pale kwa mama mdogo, mpaka upande mlimani ndipo kipate mtandao, na hakuna aliyepanda.

Siku za kwanza niliteseka. Sitadanganya kwamba ni raha. Kidole gumba changu kilikuwa kinatembea chenyewe juu ya sketi. Nikikaa kimya nasikia matusi yale yale, na naandika majibu kichwani, majibu makali kweli, na hakuna pa kuyatuma. Nilimgombeza ng'ombe. Mama mdogo akanipa panga nikakate majani ya ng'ombe, nikakata mpaka mikono ikapata malengelenge. Halafu asubuhi moja niliamka, ukungu umejaa mpaka mlangoni, moshi wa jikoni unanukia, na nikatambua kwamba sijui leo watu wamekasirikia nini. Sikujua kabisa. Nilikunywa chai yangu ikiwa ya moto, kitu ambacho nilikuwa sijafanya kwa muda mrefu.

Na mtani akarudi kuwa mtani. Kwa mama mdogo hakuna aliyekuwa ameiona klipu, au walioiona walikuwa na heshima zao. Alianzia kwa ng'ombe. Nilimsikia zizini akimwambia ng'ombe mwekundu, "Sogea, mtumwa wangu, na nyie Wasambaa hata ng'ombe wenu wabishi." Nikasimama na ndoo yangu mlangoni, nikalia kwa furaha. Kutwa ile alitutukana wote, na mama mdogo akamrudishia, "Kula ugali huo, Mnyamwezi, usije ukasema tumekunyima ukarudi kwenye gunia lako." Walicheka mpaka wakakohoa.

Tukiwa tunachambua mboga nyuma ya nyumba, akaniambia, "Mama yako nilimchekesha. Na mimi nilitaka zamu yangu ifike, wewe unichekeshe. Lakini wenye simu watakuja. Watanirekodi nikiwa nimelala, siwezi hata kuwafukuza. Basi tena. Mniache niende kimya."

"Nitawanyang'anya simu," nikasema.

"Utaweza?"

"Si mimi mtani? Nani atanikatalia?"

"Haya," akasema. "Tutaona kama una meno."

Tuliporudi Soni, hata mizigo hatujashusha, mfuko wa bodaboda mmoja ukaita. Amka, mtumwa wangu. Nilimwona mtani akiinua kichwa, na uso aliokuja nao kutoka Kwai ukaondoka. Nilimfuata yule kijana nikamtolea maneno ambayo sitayaandika. Haikusaidia kitu.

Mvua za masika zilimkuta anaumwa. Daktari alisema ni presha, mshipa wa kichwani umepasuka. Mimi si daktari, sisemi simu ilimuua. Nasema tu kwamba alikuwa mwanamke wa kubeba tenga la kabichi kichwani kupanda mlima huku anaimba, na kabla mwaka haujatimia tukawa tunamchimbia kaburi.

Siku ya mazishi niliamka na hofu. Binti yake alikuwa amefika na mama mkwe na watu wao, wamevaa vizuri, na nilivyochungulia nikaona kila mkono una simu. Vijana wa kijiweni nao wamejaa ukutani, wanasubiri. Wanajua bibi wa jeneza leo ndiye aliye ndani ya jeneza. Wangeondoka na kitu cha kurusha mwaka mzima. Nikamwambia mume wangu, "Siwezi." Akanijibu, "Ulimwambia utaweza." Wanaume wengine hawajui kufariji.

Nikavaa aproni yake. Nikachukua tenga la mama, lile kuukuu. Nikatoka uani nikitembea kama yeye, kifua mbele, nikapaza sauti nikiwaamkia kwa Kishambaa cha kuvuta kama chake, "Onga makeo, watumwa! Leo mnazika Mnyamwezi, na Mnyamwezi hazikwi na wenye simu. Wekeni humu!"

Kijana wa kwanza akaguna, "Mama, hii simu ni ya kazi." Nikamwambia, "Na mimi niko kazini, weka." Akaweka. Kwa haki sikuwa na utani naye, vijana wa Soni ni Wasambaa wenzangu, lakini siku hiyo sikuuliza kabila la mtu. Nikazunguka. Bibi mmoja wa Kinyamwezi kutoka mashamba ya chai akaanza kucheka, akatoa kitochi chake mwenyewe kwenye kanga akanitumbukizia, na baada ya hapo hakuna aliyebisha. Nikafika kwa mama mkwe. Nikapiga goti nikampa shikamoo yake, akaitikia, kisha nikanyoosha tenga. Alinitazama juu ya miwani. Akaweka. Binti aliweka ya kwake bila kuniangalia, na mimi sikumwangalia, maana nilikuwa nimemtunzia maneno tangu siku ya zile peasi na niliogopa yangetoka.

Nikafunika tenga kwa kanga, nikaliweka chini karibu na jeneza. Nikamuuzia mchungaji karoti ambazo hazipo. Nikamwomba mama mdogo ugali, akanijibu kwamba Wanyamwezi wamekula umekwisha. Watu wakacheka, kwanza kwa woga, kisha kwa kweli, mikono yao mitupu, hawajui waiweke wapi, wengine wameshikana. Nikakaa pembeni ya jeneza. Nikainua kiganja nigonge.

Maneno hayakuja. Nilikuwa na maneno mengi ya kwangu, nimeyafanyia mazoezi dukani, lakini kila nililotaka kusema lilitanguliwa na lile lake, na lile lake walikuwa wamelichafua, nisingeweza kulitia mdomoni. Mkono wangu ukabaki juu. Kicheko kikaisha. Watu wote wananitazama.

Ndipo tenga likaita.

"Amka, mtumwa wangu! Umelala, kabichi umemwachia nani?"

Sauti yake, ile ile, kutoka chini ya kanga, hatua moja kutoka alipolala. Ikarudia. Ikarudia tena. Nikasimama nimewaka, nikawageukia vijana wa ukutani. "Ya nani hiyo? Ya nani, nyie mbwa?" Wakatikisa vichwa, macho yamewatoka.

Binti yake alitoka kwa watu wake. Alitembea mpaka kwenye tenga, akapiga magoti kwenye tope, na gauni lake lile jeusi zuri.

"Ni yangu," akasema. "Sina sauti yake nyingine."

Yale maneno niliyomtunzia yote yaliniishia. Nikapiga magoti upande wa pili wa tenga. Hakuna aliyefunua kanga. Tuliiacha iite mpaka ikakata yenyewe.